Mfuko wa Fremu: Ununue ao Uache?



Mama mmoja wa Kampemba ametuletea swali kisha mkutano wa siku ya posho. Baba na kijana wake wanakwenda pori, karatasi ya kuwinda wanayo, lakini nyama wanaibeba ndani ya gunia lililofungwa kamba. Kamba inakata mabega, damu inatiririka mpaka kiunoni. Ameona mfuko wenye fremu kwa wauza vitu vilivyotumika. Anauliza: ni feza ya bure, ao utasaidia? Na yeye mwenyewe ataweza kuutumia?

Utasaidia, lakini si kila mfuko.

Gunia linavuta mabega nyuma, nawe unainama ili usianguke. Fremu inasimama mgongoni kama ngazi ndogo. Mzigo unafungwa juu yake, na mkanda mpana wa kiunoni unapeleka uzito kwenye mifupa ya nyonga. Basi angalia kwanza mkanda huo, si rangi wala vimifuko vya pembeni. Ukiwa mwembamba sawa mshipi wa suruali, uache. Mvalishe mwenye kuubeba, pakia kilo 10, kisha alegeze mikanda ya mabega. Uzito ukibaki kwenye nyonga, fremu inamfaa. Ukishuka mpaka matako, si kipimo chake. Fremu ya baba mrefu haitamfaa kijana wa miaka 14.

Chini kuwe na chuma kilichotokeza kama rafu, ndipo paja la nyama linakaa. Kilicho kizito zaidi kikae karibu na mgongo, katikati ya mabega. Alminiamu ni nyepesi, lakini ikivunjika si kila fundi wa mtaa anaweza kuiunga. Mimi ningechukua ya chuma, hata kama inaongeza kilo moja ao mbili.

Nyama isipakiwe ikiwa bado moto. Itundikwe kivulini ipoe, kisha ifungwe katika kitambaa safi cha pamba. Ndani ya plastiki inaharibika mbele ya kufika Lubumbashi. Kati ya nyama na mgongo weka turubai, na mwenye kidonda asiibebe. Damu ya mnyama wa pori si ya kuchezea: mpox ilitambuliwa kwa mtu mara ya kwanza katika inchi yetu, mwaka 1970, na kushika wanyama wa pori ni moja ya njia zake. Na hiyo karatasi ya kuwinda itembee naye. Sheria ya 28 Mei 1982 inaidai, na ndani ya Upemba na Kundelungu haifungui mlango.

Sasa sisi wenyewe. Mwaka 1986 gazeti la sayansi Nature lilitoa vipimo vya wanawake wa Kenya: Waluo wanaobeba kichwani, na Wakikuyu wanaobeba mgongoni kwa mkanda wa paji la uso, sawa dada zetu wa Bukavu. Mpaka sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili, hawakutumia nguvu zaidi kuliko kutembea mikono mitupu. Kwa mama wa kilo 60 ni kilo 12. Kupita hapo, mwili unalipa. Ndoo ya lita 20 imekwisha kupita!

Kwa hiyo uyoga ubaki katika beseni kichwani. Ni mwepesi, na ukifungwa kamba unapondeka. Fremu ni ya mahindi na mihogo. Lakini mwenye mtoto mgongoni ataiweka wapi? Na mwenye mimba asikaze mkanda ule tumboni: mzigo huo ni wa baba na vijana, bila mabishano. Tena njia ikifika mpaka shambani, usinunue chochote, tengeneza kinga. Tazameni wauza makala wanavyoingia mujini asubuhi. Hakuna mgongo unaoweza kubeba vile.

Mama wa Kampemba, mbele ya kulipa, njoo na kijana siku ya posho. Mizani itakuwapo.