Mkubwa Naye Atoke Jasho

Huenda umewahi kuona askari wakikimbia alfajiri, na kati yao afisa mwenye mvi akitweta kama wao. Usidhani anatafuta sifa.

Rais Theodore Roosevelt wa Marekani aliona maafisa wengi wa jeshi lake wamelegea kwa kukaa ofisini. Akaamuru kila mmoja athibitishe kwamba anaweza kutembea maili 50, au kwenda maili 100 kwa farasi, katika siku tatu. Manung'uniko yakazuka.

Roosevelt hakubishana nao. Tarehe 13 Januari 1909, akiwa na umri wa miaka 50, alitoka Washington kabla ya mapambazuko, akaenda kwa farasi hadi mji wa Warrenton, Virginia, na kurejea usiku huo huo katika baridi kali. Maili zipatazo 100, kwa siku moja tu! Nani tena angethubutu kulalamika?

Faida si heshima peke yake. Kamanda anayekimbia na kikosi humwona anayechechemea, na huonja uzito wa amri yake mwenyewe. Anayetazama kutoka dirishani, chai mkononi, atayajuaje hayo?

Nawe mzazi, nyumbani ndiwe kamanda. Ukimfukuza mtoto akasome huku umejinyoosha kwenye kochi ukitazama mpira, atatii kwa woga tu, na ukitoka ataacha. Jioni ya leo izime televisheni, uchukue gazeti au kitabu, mkae meza moja. Utaona tofauti.