Tango Si la Kuliwa

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika karatasi yetu hii nipate kusema neno na wanachama wenzangu. Huenda neno lenyewe likawaudhi baadhi yao, nami nawaomba radhi mapema. Lakini radhi naiomba kwa ukali wa maneno tu, si kwa maana yake.

Juma lililopita, wakati wa chai, mwenzetu mmoja alitutandazia mezani karatasi ya matangazo yenye picha za rangi. Amebahatika kuchaguliwa kwenda mkutanoni katika mji wa Buenos Aires, nchi ya Argentina, na kabla ya kununua hata sanduku la safari amekwisha kupanga jioni moja ya anasa: chakula cha usiku pamoja na onyesho la tango. Motokaa itamchukua hotelini saa mbili za usiku. Ataketishwa karibu na jukwaa kwa kuwa amelipa daraja la juu. Atakula nyama na kunywa mvinyo. Saa nne taa zitapunguzwa, wachezaji watamchezea mpaka karibu na usiku wa manane, kisha atarudishwa kitandani kama kifurushi cha posta. Wengine walicheka, wakauliza kama tango hilo huliwa na kachumbari. Mwenzetu akajibu kwa kiburi ya kuwa tango ni dansi ya Wazungu, na mtu mstaarabu akitaka kuijua hana budi kuitazama mahali pa gharama.

Mimi sikucheka. Maneno mawili yalinichoma: ati tango ni la Wazungu, na ati hujulikana kwa kutazamwa. Yote mawili si kweli, na la kwanza ndilo linalolilea la pili. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Natuanze na asili. Watu wa Buenos Aires walipohesabiwa mwaka 1778, karibu watu 3 katika kila 10 walikuwa weusi au machotara. Wao au wazee wao walivushwa bahari kwa minyororo, wengi kutoka Angola na Kongo, na wengine kutoka Msumbiji, yaani pwani yetu hii hii. Baadaye walikuwa na vyama vyao kwa kadiri ya asili zao: Wakongo chao, Wabenguela chao, watu wa Msumbiji chao. Vyama hivyo vilichanga fedha, vilizika wafu, vilisaidia kuwakomboa watumwa, na siku za sikukuu vilipiga ngoma iitwayo kandombe. Makarani wenzangu, nani kati yetu asiyekitambua chama cha namna hiyo?

Tena katika maandishi ya zama zile neno tango lilitumika kwa mikusanyiko ya ngoma ya watu weusi, kabla halijawa jina la dansi ya wawili wawili. Na neno milonga, ambalo ni jina la wimbo ndugu wa tango na pia la mkutano wa kucheza tango, wajuzi wa lugha wanasema latoka Kimbundu cha Angola, maana yake ni maneno. Sikio la Mswahili halishangai. Sisi nasi twasema kulonga. Na anayelonga bila kikomo twamwambia aache longolongo.

Sisemi kuwa tango ni la watu weusi peke yao. Hiyo ingekuwa kulipa uongo kwa uongo. Ndani yake mna habanera ya Kuba, mna nyimbo za wachunga ng'ombe, mna uchungu wa Wataliani na Wahispania maskini walioshuka bandarini kwa maelfu, na mna kinanda cha mkono cha Wajerumani kiitwacho bandoneoni. Lakini mwandishi mmoja wa Argentina, Ventura Lynch, alieleza mwaka 1883 ya kuwa milonga ilichezwa na vijana wa mjini walioibuni kwa kuzidhihaki dansi za watu weusi. Mwenye kumwiga mtu kwa dhihaka hujifunza mwendo wake hata asipotaka. Mwaka 1897 mpiga piano mweusi, Rosendo Mendizábal, alitunga El entrerriano, mojawapo ya tango za kwanza zilizo maarufu hata leo. Na Horacio Salgán, aliyezaliwa mwaka 1916 akafariki mwaka 2016 akiwa na umri wa miaka 100, mmoja wa mabingwa wakubwa wa piano ya tango, naye alikuwa wa asili hiyo hiyo. Shirika la UNESCO lilipoliandika tango katika orodha ya urithi wa wanadamu mwaka 2009, kwa ombi la Argentina na Uruguay pamoja, liliwataja wazi wazao wa watumwa wa Kiafrika miongoni mwa waliolizaa.

Basi watu hao walikwenda wapi? Vita viliwala, maradhi yaliwala, wageni wa Ulaya waliwafunika kwa wingi, na kalamu za wahesabu watu zilimaliza kazi. Hesabu ya mwaka 1887 iliwaonyesha kuwa hawafiki 2 katika kila 100, na nchi ikapenda kujisifu kuwa ya Wazungu watupu. Hata hivyo hawakwisha. Katika hesabu ya mwaka 2022 watu zaidi ya 300,000 walijitaja kuwa wa asili ya Kiafrika. Sisi tunaoishi kwa kalamu na fomu twajua vema jinsi mtu anavyoweza kufutwa kwa kukosa safu ya kuandikiwa.

Tena tazameni mzunguko wa ajabu. Mwaka 1913 Mendizábal alifariki. Mwaka ule ule Paris na London zilishikwa na wazimu wa tango. Katika mahoteli ya London watu walikunywa chai huku wakitazama na kucheza tango, na Kaiser wa Ujerumani akawakataza maofisa wake kulicheza wakiwa wamevaa sare. Halafu walimu wa dansi wa Kiingereza walilinyosha, wakalipimia hatua, wakaliandika vitabuni. Kwa njia ya vitabu hivyo na sahani za santuri likafika katika miji yetu. Na kabla ya mwaka 1950 makarani waliotutangulia walilicheza katika kumbi za dansi, pamoja na foksitroti, walzi na rumba, wamevaa suti na viatu vya kung'aa. Kitu chenye damu ya Afrika kilitoka Afrika kwa minyororo, kikarudi kwa tikiti ya daraja la kwanza, nasi hatukukitambua kwa sababu kilikuwa kimevaa kola. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wazee.

Sasa nije kwenye hiyo jioni ya chakula na onyesho. Sitaki kusingizia. Wachezaji wa majumba yale ni mafundi. Wamejifunza kwa miaka, na mkate wao wautoa miguuni mwao. Baadhi ya majumba yana sifa ya kweli: El Viejo Almacén, kwa mfano, lilifunguliwa mwaka 1969 na mwimbaji mwenyewe, Edmundo Rivero. Neno langu si juu ya mfanya kazi. Neno langu ni juu ya mpango wenyewe, wa kumwuzia mgeni dansi ya watu kama kitoweo.

Sisi wa pwani biashara hii twaijua. Nani hajaona ngoma ya hotelini? Watalii wako mezani, supu imekwisha, samaki hajaja. Basi huingizwa vijana kumi wamevaa majani ambayo baba zao hawakuyavaa, wakaruka dakika chache, wakapigiwa makofi na kuondoka kwa mlango wa jikoni. Mtalii hurudi kwao akasema ameziona ngoma za Afrika. Je, ameziona? Ameona unyago? Ameona arusi? Amemwona bibi wa miaka sabini akisimama kwa kishindo kimoja cha goma kilichomkumbusha marehemu mumewe? Hakuona. Amelishwa. Mambo hayo yakitendwa kwetu twalalamika, tena kwa haki. Imekuwaje basi sisi tukisafiri twataka kuwatendea wenzetu yale yale?

Katika maonyesho mengi ya namna hiyo mateke hurushwa juu ya kichwa, mwanamke hutupwa hewani akadakwa, na hadithi ya tango husimuliwa kwa mabaharia, visu na wanawake wa danguro. Ile ngoma ya kandombe aghlabu haisikiki. Na ikisikika, ni kwa kitambo kama kichekesho. Lakini katika mikutano ya tango ya wenyeji miguu haiachi sakafu kwa fujo, maana watu ni wengi na nafasi ni ndogo. Karani wa benki na mwashi, mwenye miaka ishirini na mwenye themanini, wote huzunguka ukumbi kinyume cha mwendo wa saa, wamekumbatiana kifua kwa kifua, wengine wamefumba macho. Hakuna anayecheza kwa ajili ya meza yako.

Najua nitakayojibiwa. La kwanza: "Sisi hatujui kucheza." Vema; kumbi nyingi hutoa mafunzo kabla ya dansi kuanza, na anayependa kuketi pembeni hafukuzwi. La pili: "Usiku ni hatari." Kweli, mji mkubwa ni mji mkubwa, panda teksi yenye leseni, usitembee na fedha zote, nenda na mwenzako. Tena kuna mikutano ya alasiri, na kuna jukwaa la wazi katika bustani ya Barrancas de Belgrano ambako watu hucheza chini ya paa lisilo na kuta. La tatu: "Kitu cha bei kubwa ndicho bora." Hili silijibu kwa maneno yangu. Wazee wamekwisha kulijibu: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Na kwa kuwa kupinga bila kujenga ni tabia mbaya ya mikutano yetu, natoa mpango wangu.

1. Mchana nenda mtaa wa Abasto ukaione nyumba ya Carlos Gardel, ambayo sasa ni makumbusho. Mwimbaji huyo alifariki kwa ajali ya ndege huko Medellín mwaka 1935, na wenyeji humtaja kana kwamba alifariki jana.

2. Alasiri ulale. Wenyeji hula saa tatu au saa nne za usiku, na dansi huchangamka karibu na saa sita.

3. Kula mbali na onyesho, katika duka la nyama choma la mtaani. Mtu wa Afrika ya Mashariki hahitaji mkalimani mbele ya mbavu za ng'ombe na makaa.

4. Uingiapo ukumbini, lipa kiingilio, keti, tazama kwanza. Usimwendee mwanamke ukamshika mkono. Wenyeji huombana kwa jicho: mtazame kwa mbali, naye akikutazama inamisha kichwa kidogo; akiinamisha naye, mmekubaliana; akigeuza uso, hakuna aliyeaibika. Nyimbo hupigwa kwa mafungu ya tatu au nne, na wawili hukaa pamoja mpaka fungu liishe. Angalia sana: mwenzako akikwambia asante katikati ya fungu, maana yake ni basi.

5. Kama huna budi kuona jukwaa, nunua tikiti ya onyesho bila chakula. Majumba mengi huuza hivyo. Uliza kwanza kama bendi hupiga papo hapo au ni sauti ya mashine. Asiyeuliza asilaumu.

Namalizia kwa habari ya mtu mmoja anayetuhusu sisi wana chama. Osvaldo Pugliese aliunda bendi yake ya tango mwaka 1939 kwa njia ya ushirika: mapato yaligawanywa kwa alama kwa kadiri ya kazi ya kila mmoja, kiongozi akiwa ndani ya hesabu hiyo. Kwa ajili ya siasa yake alifungwa gerezani mara kadhaa. Bendi ilipopiga bila yeye, wenzake waliweka ua jekundu juu ya piano, wakapiga. Waliokuwa ukumbini walilijua ua lile na maana yake. Mgeni aliyekuja kula tu angedhani ni pambo.

Hiyo ndiyo hofu yangu kwa mwenzetu. Sihofu kuwa atapoteza fedha. Fedha ni zake, na posho ya safari haina mama. Nahofu kuwa ataketi mbele ya kitu kilichochangiwa na jamaa zake waliopotea baharini, akaombe chumvi.

Anayenipinga na aandike. Mhariri ana karatasi, na wino wa mashine bado upo.

Wasalaam,
Karani Mwenzenu