Valvu za Gitaa: Sifa Zake na Hatari Zake

Katika kila bendi, iwe ya jeshi, ya polisi au ya raia, hapakosi kijana aaminiye kwamba utamu wote wa gitaa umo katika valvu. Humwomba baba yake au mkuu wa bendi valvu za aina fulani, akiahidi kwamba gitaa lile lile litalia kama la mabingwa wa Ulaya. Kabla fedha hazijatoka mfukoni, yafaa jambo hili lichunguzwe.

Valvu ni chupa ya kioo iliyoondolewa hewa. Ndani yake sehemu moja hupashwa moto, na umeme huruka kutoka hapo hadi kwenye bamba la chuma. Katikati pana wavu ambao huuzuia umeme huo au kuuachilia, kwa kufuata mtetemo mdogo utokao gitaani. Valvu za mwisho, ziendeshazo spika, ndizo ziitwazo valvu za nguvu.

Tatu kati yake zina sifa kubwa. 6L6, iliyotolewa na RCA ya Marekani mwaka 1936, imo katika amplifaya nyingi kubwa za Fender. Besi yake ni imara, na sauti hubaki safi hata ikipazwa. EL34 ya Ulaya, ijulikanayo sana kwa amplifaya za Marshall, husukuma mbele sauti ya katikati na hukwaruza kwa ukali. EL84 ni ndogo zaidi. Nne hutumika katika Vox AC30, waliyoipenda The Beatles. Sauti yake hung'aa, na huanza kukwaruza mapema.

Hata hivyo, valvu si yote. Mwaka 1962 Jim Marshall na mafundi wake mjini London waliiga Fender Bassman, wakatumia valvu 5881, ndugu ya 6L6. Baadaye zikaja KT66, kisha EL34. Lakini spika na sanduku lake havikuwa vile vya Fender, hivyo mlio wa Marshall ulikwisha kuwa na tabia yake kabla ya EL34 kuingia.

Atakaye kulinganisha kwa haki atumie amplifaya moja, gitaa moja na spika moja, na sauti ilingane kwa ukubwa, kwa sababu sikio hudhani kilicho kikubwa ndicho kitamu. Msikilizaji naye asionyeshwe valvu iliyomo.

Kubadili kiholela ni hatari. 6L6 na EL34 huingia katika tundu moja la miguu minane, lakini 6L6 hula ampea 0.9 za kujipasha moto, na EL34 hula 1.5. Transfoma isiyotengenezewa mzigo huo yaweza kuungua. Aidha, kila aina huhitaji fundi apime upya umeme upitao ndani yake wakati gitaa limenyamaza.

La mwisho ni la uhai. Ndani ya amplifaya kubwa mna volti 400 na zaidi, na umeme huo waweza kubaki ndani hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Basi wazazi wasiruhusu kijana aifungue mwenyewe sebuleni. Kazi hiyo ni ya fundi aliyefunzwa.

Wahenga walinena: ukiona vyaelea, vimeundwa. Sauti nzuri nayo huundwa na gitaa, transfoma, spika na vidole vya mpigaji. Valvu ni mmoja tu wa mafundi hao.