Giza Nalo ni Amana



Wasomaji wetu wapendwa, ni nyumba chache za pwani yetu zisizokuwa na jamaa ughaibuni. Walioko Kanada, Norwe na Finland hututumia picha za misitu yao ya misonobari wakati wa baridi: theluji chini, na juu mianga ya kijani ikitandaa mbinguni. Mianga hiyo hutokea pale chembe zitokazo katika jua zinapogonga hewa ya juu karibu na ncha za dunia. Wapiga picha wa huko huvumilia baridi kali usiku kucha wakiisubiri, na wakimsubiri bundi atokee tawini. Watoto wetu wakiziona picha hizo huuliza: mbona sisi hatukujaaliwa kitu mfano wa hicho?

Jawabu ni kwamba tumejaaliwa, ila tunakifukuza kwa taa zetu wenyewe.

Tuanze na usiku wenyewe. Kaskazini ya mbali, majira ya joto, jua halizami kabisa kwa wiki kadhaa, hata wanazuoni wakalazimika kujadili namna Waislamu wa huko watakavyozikadiria nyakati za Magharibi na Isha. Sisi wa Malindi na Kilifi, tulio chini kidogo ya Ikweta, tumepewa usiku wa karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Tena tumewekwa mahali ambapo nyota za pande zote mbili huonekana. Upande wa kusini tunauona Msalaba wa Kusini, ambao wakazi wa misitu ile hawauoni maisha yao yote wakiwa kwao. Upande wa kaskazini tunaziona zile saba ambazo Waarabu huziita Banat Naash. Na katika usiku wa Juni hadi Agosti usio na mwezi wala mawingu, ukanda wa Njia Nyeupe hukatiza juu ya vichwa vyetu.

Kuzitazama nyota kwa mazingatio si jambo geni kwa umma huu. Abdur-Rahman as-Sufi, aliyeandika kitabu cha nyota mnamo mwaka 964, alitaja humo kiwingu kidogo ambacho leo wataalamu wanajua kuwa ni kundi zima la nyota lililo mbali mno nasi. Ibn al-Haytham naye alieleza namna nuru ipitayo katika tundu dogo inavyoingia katika chumba cha giza, na ndiyo asili ya kazi ya kamera tuliyonayo mkononi. Na hapa kwetu, mnamo tarehe 12 Disemba 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano lililo baharini mkabala na Ngomeni, kilirushwa chombo cha kwanza duniani kilichotengwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya Kenya, kikaitwa Uhuru. Mtoto wa Malindi asiyejua hayo amenyimwa sehemu ya urithi wake.

Upande wa bara wa barabara ya Malindi na Mombasa upo msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420. Humo anaishi bundi wa Sokoke, ambaye urefu wake haufiki shubiri moja, mla wadudu, anayepatikana hapa na kwenye miteremko ya Usambara Mashariki, Tanzania. Wapiga picha husafiri kutoka mabara mengine kuja kumtafuta. Lakini mitaani kwetu, bundi akilia juu ya paa, wapo wanaosema ameleta mauti, wakamrushia mawe. Akina mama, hili tulikanye majumbani. Mtume wetu (s.a.w.) alikanusha itikadi ya hama, yaani yale waliyoyaamini watu wa zama za ujahili juu ya bundi, kama alivyokanusha kutabiri nuksi kwa ndege wote. Anayemuua bundi kwa hofu hiyo amedhulumu kiumbe, na imani yake mwenyewe ameitia dosari.

Lipo na la ufuoni. Kasa jike hupanda mchangani usiku kutaga, na akimulikwa huenda akarudi baharini asitage. Makinda yake yakianguliwa hutoka usiku, nayo huelekea penye mwanga zaidi, kwani katika maumbile upeo wa bahari ndio unaong'aa kuliko nchi kavu. Taa za mahoteli na za nyumba zetu zimeigeuza alama hiyo. Kinda huifuata taa akaingia barani, na asubuhi jua humkausha au kunguru humla. Taa iliyoachwa ikiwaka bure ni israfu ya fedha, na hapa ni sababu ya kuangamiza roho. Mtume (s.a.w.) alituamrisha kuzima taa tunapolala. Sababu ya wakati ule ilikuwa kuchelea moto, nasi tunaona kheri za amri ile ni pana kuliko tulivyodhani.

Hukumu ya picha wanazuoni wameizungumza kwa marefu, wala si maudhui yetu leo. Tunachowausia vijana wanaopenda kazi hii ni adabu yake. Msiingie msituni usiku bila idhini ya wasimamizi na kiongozi ajuaye njia, kwani mna ndovu. Msimmulike bundi kwa mmweko wa kamera, maana macho yake yameumbiwa giza na nuru ya ghafla humpumbaza. Msimwite kwa sauti iliyorekodiwa mkamsumbua mara kwa mara, wala msitangaze mahali pa kiota chake. Picha iliyopatikana kwa kumtesa kiumbe haina baraka, hata ikisifiwa na watu elfu.

Na kwa familia nzima tuna pendekezo jepesi. Hadithi imetufundisha kuwazuia watoto ndani pale giza linapoingia, kisha kuwaachilia baada ya saa moja hivi. Basi katika siku za mwisho wa mwezi huu wa Hijria, baada ya Isha, zimeni taa za nje, pandeni darini au tokeni uani pamoja nao. Subirini robo saa macho yazoee. Egemezeni simu juu ya tofali, lenzi ikielekea mbinguni, muiache ivute nuru kwa sekunde kumi na tano au zaidi bila kuigusa. Kisha waulizeni watoto wamehesabu nyota ngapi, na ni nani aliyezipanga.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waaminifu kwa alivyotukabidhi, vya mchana na vya usiku. Amin.