Msomaji wa Kwanza wa Mtoto



Nilipokuwa darasa la sita niliandika insha kuhusu siku baba yangu aliporudi nyumbani saa nne asubuhi, akaketi barazani bila kuvua viatu. Alikuwa ameachishwa kazi. Mwalimu aliisoma insha ile mbele ya darasa, akisimama kila penye kosa la herufi, na wenzangu wakacheka mpaka mwisho. Tangu siku hiyo nimeandika mengi: majibu ya mitihani, barua za maombi, na kwa miaka hii ya ukatibu, mihutasari ya vikao vya kamati ya msikiti. Jambo langu mwenyewe sikuliandika tena hadi leo.

Simlaumu mwalimu yule. Darasa lilijaa na madaftari yalikuwa rundo. Nimekitaja kisa hiki kwa kuwa kimenisaidia kuelewa habari ya kituo kimoja kilicho mbali nasi, ambayo naona ina faida kwa kila mwenye mtoto wa kusoma.

Mwaka 2002, katika jiji la San Francisco nchini Marekani, mwandishi Dave Eggers na mwalimu Nínive Calegari walifungua kituo cha kuwafundisha watoto na vijana uandishi. Walikiita kwa anwani yake, 826 Valencia. Kipo katika eneo la Mission, lenye familia nyingi za wahamiaji wanaozungumza Kispanyola. Eggers alikuwa na rafiki zake walimu waliomlalamikia jambo moja: wanafunzi ni wengi, na wanaobaki nyuma wanahitaji mtu mzima wa kukaa nao mmoja mmoja. Kwa upande mwingine aliwafahamu waandishi na wahariri ambao saa zao za kazi haziwabani kama za watu wa ofisini. Akaona wahitaji na wenye nafasi wanaishi mji mmoja, wala hawajakutanishwa.

Jengo walilopata lilikuwa katika eneo lililotengwa kwa biashara, hivyo sheria iliwataka wauze kitu. Wakafungua duka la vifaa vya maharamia wa baharini, vitambaa vya kufunika jicho na vingine vya mzaha wa aina hiyo. Nyuma ya duka wakapanga meza. Mtoto aliyekwenda kusaidiwa masomo alipita katikati ya mambo ya kuchekesha, wala hakuna aliyemwona kuwa anapelekwa mahali pa walioshindwa.

Hata hivyo, walipofungua milango hakuna aliyekuja. Wiki zilipita, meza tupu, watu wa kujitolea wakitazamana. Mzazi gani angempeleka mwanawe kwa watu asiowajua, nyuma ya duka la maharamia? Kilichobadilisha hali ni Calegari. Yeye alikuwa mwalimu, akijua namna ya kuzungumza na walimu wenzake na wazazi. Imani ilipopatikana, meza zilijaa. Huduma ilikuwa bure, na watu wa kujitolea wakaanza pia kwenda katika shule zenyewe kuwasaidia walimu madarasani.

Kiini cha kazi yao ni chepesi kukieleza. Mtoto huandika; mtu mzima huketi ubavuni pake, husoma alichoandika kwa makini, kisha humuuliza. Hapa ulikusudia nini? Baada ya hapo ikawaje? Mtoto hurudi kuandika upya. Mwishoni kazi hupigwa chapa ikawa kitabu chenye jina lake. Mwaka 2004 kituo kilitoa kitabu cha insha za wanafunzi wa sekondari moja ya jiji hilo kuhusu vurugu na amani, na dibaji yake iliandikwa na Isabel Allende, mwandishi mashuhuri mwenye asili ya Chile. Huko Dublin, Ireland, Roddy Doyle na Seán Love waliufuata mfano huo walipofungua kituo cha Fighting Words mwaka 2009. Darasa zima la watoto hutunga hadithi moja kwa pamoja, kisha kila mtoto hujiandikia mwisho wake, akaondoka na kitabu chake mkononi.

Nasi huwaalika wageni. Mwandishi akija, tunapanga viti, anahutubia, watoto wanapiga makofi, picha zinapigwa, anaondoka. Sioni ubaya, ila faida ni ndogo. Pale San Francisco, kwa miaka mingi vijana wa sekondari walikutana na Eggers kila wiki kusoma maandishi mapya na kuchagua yatakayoingia katika kitabu kilichokuwa kikitoka kila mwaka. Hawakuwa wasikilizaji tu. Walipewa kazi ya kupima na kutoa sababu. Tukimpata mgeni, tumwombe aje na mswada wake uliojaa mistari iliyokatwa, ili mtoto aone kwamba hata bingwa hukosea kwanza.

Najua swali litakaloulizwa, kwa kuwa mke wangu ameshaniuliza. Mtoto akiandika ya nyumbani, je, sitara ya familia itakuwa wapi? Swali hili ni la haki. Baba yangu asingependa mtaa mzima ujue habari ya viatu vile. Lakini kuandika ni jambo moja, na kutangaza ni jingine. Mtoto anaweza kuandika yaliyomlemea, akasomewa na mtu mmoja mwaminifu, na karatasi ikabaki ndani ya daftari. Kisichapwe kitu bila ridhaa yake na ya wazazi wake. Aliyeanika insha yangu alikuwa mtu mzima. Mimi niliiandika ili isomwe na mtu mmoja.

Katika kikao kijacho nitapendekeza chumba cha nyuma cha madrasa kitumike saa mbili kila Jumamosi, mlango ukiwa wazi, wasomaji wakiwa ni watu wanaojulikana na wazazi. Wapo walimu wastaafu, wapo makarani, wapo kina mama waliomaliza vyuo. Wako wanaotaka chumba hicho kikodishwe kiwe stoo, nao wana hoja, kwa kuwa bili ya umeme hailipwi kwa insha. Tutajadiliana, nami nitaandika muhtasari.

Wakati tukisubiri, ndugu mzazi, mwombe mwanao leo akuonyeshe kitu alichoandika. Kisome mpaka mwisho. Makosa ya herufi yaache yapite kwanza. Muulize tu: kisha ikawaje?

Wabillahi tawfiq.