Nauli Iandikwe Mlangoni

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Watu wakiniuliza sababu huwa nasema karo, na ni kweli karo ilinilemea. Lakini kuna hesabu nyingine ambayo sijawahi kuieleza, hata nyumbani: nauli. Nilikuwa natoka Githurai na mia mbili mfukoni, ya kwenda, ya kurudi na ya chapati madondo hapo katikati. Jua likiwaka, hamsini kwenda, hamsini kurudi, maisha yanasonga. Mvua ikinyesha, gari lilelile, makanga yuleyule, sasa anaita mia, mara mia na hamsini. Jioni kama hizo nilitembea. Asubuhi kama hizo nilijifunika blanketi nikalala. Muhula mmoja nilikosa majaribio mawili namna hiyo, na ukishaanza kukosa, kurudi darasani ni aibu tupu.

Hesabu hiyo ilinirudia Dar es Salaam, wikendi ya Pasaka 2024. Nilienda kumtembelea binamu yangu anayefanya kazi huko. Tuliondoka Nairobi Ijumaa alfajiri, tukapita Namanga, Arusha, Moshi, na kufika stendi ya Magufuli pale Mbezi usiku, miguu imevimba. Nauli ya basi ilikuwa imepandishwa, eti sikukuu. Sikushangaa. Mimi ni Mkenya.

Siku mbili zilizofuata nilipanda kila kitu chenye magurudumu, na kimoja kisicho nayo. Mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni. Mabasi hayo yana njia yao katikati ya barabara tangu 2016, ilhali sisi Thika Road tulichorewa mstari mwekundu tukabaki kungoja. (Wenyeji nao wanalalamika kwamba mabasi hayatoshi, kwa hivyo msidhani nimetoka peponi.) Kisha pantoni ya Kigamboni, mia mbili yao, yaani kama shilingi kumi zetu, umesimama kati ya pikipiki na kina mama wenye ndoo za samaki. Kisha bajaji. Hapo nilichapwa. Nilifungua mdomo tu, lafudhi ya Nairobi ikatoka, na bei ikapanda kabla sijamaliza salamu. Bei ya bajaji ni ya kupatana, na mgeni hajui aanzie wapi.

Lakini daladala ndiyo iliyonifunga mdomo. Jumamosi jioni tulikuwa kituoni Mwenge, mvua ya masika inamwagika kama imetumwa. Manze, nilijua kinachofuata. Nilikuwa nimeshatenga elfu moja na mia tano kwa ajili ya nauli ambayo asubuhi nililipa mia sita. Konda alipofika nikamkabidhi noti ya elfu mbili, nikangoja. Akanirudishia elfu moja na mia nne.

"Na mvua je?" nikamuuliza.

Akanitazama kana kwamba nimeuliza bei ya mvua yenyewe. "Kaka, nauli mia sita." Akasonga mbele. Binamu yangu alicheka hadi tukashuka.

Kule nauli inapangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, kulingana na umbali. Daladala nyingi zimeandikwa ubavuni: mtu mzima kiasi hiki, mwanafunzi kiasi hiki. Si mfumo wa malaika. Gari linajazwa hadi unapumulia shingo la mtu, na binamu aliniambia wanafunzi wa sare huachwa vituoni kwa sababu wanalipa kidogo. Bei ikibanwa, mwenye gari atatafuta pa kufidia, na anayeumia ni mtoto.

Kwa hivyo siombi serikali yetu ianze kupanga kila nauli. Naijua serikali yetu. Na najua pia wenye matatu watasema nini: mafuta, foleni, na zile mia mia zinazobaki kila penye kizuizi cha barabarani. Sawa. Nauli ya asubuhi iwe juu, ya saa nne iwe chini, hata ya mvua iwepo kama ni lazima. Ninachotaka ni kila sako iiandike mlangoni, kwa rangi, ile ile wanayotumia kuchora wanasoka na marapa. Nikiwa na mia mbili nijue kama nitarudi nyumbani. Kijana aliye chuoni leo anaweza kupangia mia na hamsini akijua ni mia na hamsini. Hawezi kupangia makanga anayeangalia mawingu.

Jumatatu usiku nilifika Nairobi. Kulikuwa kumenyesha. Nikavuta begi hadi kwa steji, na makanga mmoja alikuwa amening'inia mlangoni: "Githurai mia, mia, mia!" Nikapanda. Tulipofika Roysambu ilikuwa imeshakuwa mia na ishirini.