Yunia ni jina la kike?

Mama mmoja wa Tunduma ana binti wa miezi minne, Yunia. Jina walilitoa Warumi 16:7. Sasa shemeji yake, anayesoma chuo cha Biblia, kasema Yunia huyo alikuwa mwanaume. Baba mtoto anataka jina libadilishwe kabla ya kufuata cheti cha kuzaliwa.

Dada, subiri kwanza. Shemeji hajabuni, wapo wasomi waliosema hivyo miaka mingi. Utata umetokana na sarufi ya Kigiriki.

Sisi wa huku tunaweza kuuelewa. Kwa Wanyamwanga, mvulana ni Simukonda na dada yake ni Namukonda. Ukisikia Si- au Na- umeshajua. (Siku hizi mabinti wengi shuleni wanaandikwa Si- ya baba, lakini bibi zao hawakubali.) Kigiriki kinafanya hivyo mwishoni mwa jina. Neno petra, yaani mwamba, lina umbo la kike, kwa hiyo Simoni alipopewa jina hilo likawa Petros.

Lakini mwisho huo hubadilika tena kufuatana na kazi ya jina katika sentensi. Petros akisalimiwa, huandikwa Petron. Paulo anaagiza Yunia asalimiwe, kwa hiyo jina limeandikwa Iounian. Hapo Iounia wa kike na Iounias wa kiume wanafanana herufi kwa herufi! Kinachowatenganisha ni alama ya mkazo tu, na nakala za kale zaidi hazikuwekewa alama hizo. Angeandika Kinyamwanga, shemeji asingekuwa na hoja.

Basi tuangalie watu walivyoitwa. Junia lilikuwa jina la kawaida la wanawake wa Roma, limekutwa kwenye maandishi mengi ya mawe ya kale. La kiume, Junias, halijaonekana humo. Naye Yohana Krisostomu, mhubiri wa karne ya 4 ambaye Kigiriki kilikuwa lugha yake, alimsifu Yunia kama mwanamke. Wasomi wengi leo wamerudi huko.

Kwa hiyo jina libaki. Mwonyeshe baba mtoto ukurasa huu, kwa upole, shemeji akiwepo. Ila kabla ya kwenda kujiandikisha, linganisha tangazo la kizazi na kadi ya kliniki. Kama kimoja kinasema Junia na kingine Yunia, omba warekebishe sasa, mtoto akiwa bado mgongoni.